Papo kwa Papo: Istilahi za Ushairi wa Safari Unaoghanwa kwa Muziki

Katika kazi ya kukuza istilahi, taabu kubwa aghalabu haitokani na maneno magumu ya sayansi. Maneno hayo, kwa kuwa ugeni wake uko wazi, humlazimisha mfasiri asimame, aulize na atafute. Taabu hutokana na maneno ambayo kila mmoja wetu hudhani ameyaelewa tangu alipoyasikia mara ya kwanza. Mojawapo ni neno la Kiingereza "improvisation", ambalo asili yake ni Kilatini, na maana yake ya awali ni jambo lisiloonwa kabla ya kutokea. Kwa Kiswahili neno hilo limekuwa likifasiriwa kwa namna nyingi: kubuni bila matayarisho, kutunga kwa ghafla, kubahatisha, na hata kulipua. Katika makala haya tunakusudia kulichunguza neno hilo pamoja na jamaa zake katika fani moja mahususi, nayo ni ushairi uliochochewa na safari, unaoghanwa mbele ya watu huku wapigaji wakiupa muziki ambao haukuandikwa.

Huenda msomaji akauliza kwa nini tumechagua fani nyembamba namna hii. Sababu ni kwamba ndani yake kosa la neno moja huweza kumnyima mtu ujira. Tulipata kuletewa mkataba uliofasiriwa, wa onyesho la mshairi mmoja na wapigaji watatu. Kifungu kilichowahusu wapigaji kilisema kuwa wangetoa "muziki usio na matayarisho". Mhasibu aliyeupokea mkataba huo akafuta malipo yote ya siku za mazoezi, kwa hoja kwamba kazi isiyo na matayarisho haiwezi kudaiwa malipo ya matayarisho. Mhasibu hakukosea hata kidogo; alisoma Kiswahili kama kilivyoandikwa. Nao wapigaji walikuwa wamefanya mazoezi siku nne.

Basi yafaa tuitazame kwanza fani yenyewe, kisha ndipo tuyarudie maneno. Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa Marekani, hasa miaka ya 1950, ingawa mizizi yake ni ya nyuma zaidi. Katika mwaka 1920 kijana Langston Hughes, aliyekuwa ndiyo kwanza amemaliza shule ya sekondari, alipanda gari moshi kwenda Mexico kwa baba yake. Gari lilipokuwa likivuka mto Mississippi jua likizama, alianza kufikiri juu ya mito na habari za watu weusi, na kwa muda wa dakika kumi au kumi na tano akaandika shairi nyuma ya bahasha aliyokuwa nayo mfukoni. Habari hiyo ameisimulia mwenyewe katika kitabu chake cha maisha, The Big Sea, kilichotolewa mwaka 1940. Shairi hilo, ambalo linautaja mto Kongo na mto Naili pamoja na Frati na Mississippi, lilichapishwa katika jarida la The Crisis mwezi Juni 1921, nalo ndilo lililomjulisha kwa wasomaji wengi. Miaka 37 baadaye, yaani mwaka 1958, Hughes huyo huyo alitoa sahani ya santuri iitwayo Weary Blues, akisoma mashairi yake huku upande mmoja wa sahani ukipigwa na kundi la Charles Mingus.

Wakati huo hakuwa peke yake. Mwaka 1957 Kenneth Rexroth na Lawrence Ferlinghetti walikuwa wakisoma mashairi pamoja na wapigaji katika ukumbi wa The Cellar mjini San Francisco, na mwezi Oktoba mwaka huo huo Jack Kerouac na David Amram walifanya vivyo hivyo mjini New York. Kerouac ndiye anayetuhusu zaidi, kwa kuwa safari ilikuwa ndiyo kazi yake. Mashairi ya Mexico City Blues aliyaandika katika mji wa Mexico mwaka 1955, yakachapishwa mwaka 1959. Aliyaandika katika daftari dogo, na ukubwa wa ukurasa wa daftari ndio uliokuwa mpaka wa kila shairi, kama vile mpigaji wa jazi anavyofungwa na urefu wa wimbo anaoupigia. Jumla yake ni mashairi 242.

Hapa lipo shimo la kwanza kwa mfasiri. Kila shairi katika hayo 242 limeitwa kwa Kiingereza "chorus", na mfasiri mwenye haraka, akiwa amezoea nyimbo za kwaya na za dansi, ataandika "kiitikio". Kitabu kizima kitakuwa na viitikio 242 pasipo ubeti hata mmoja, jambo ambalo haliwezekani. Katika istilahi za jazi neno hilo halina maana ya sehemu inayoitikiwa. Maana yake ni mzunguko mmoja kamili wa muundo wa wimbo. Katika muundo wa bluzi, kwa mfano, mzunguko huo kwa kawaida una mafungu 12 yenye mapigo manne manne. Yanapokwisha, wapigaji hurudi mwanzo na kuyazunguka tena. Wote wanaujua kwa moyo mfuatano wa sauti za msingi, na kila mpigaji anapopewa nafasi yake hutunga sauti mpya juu ya msingi huo huo, mzunguko mmoja, miwili au kumi.

Kwa dhana hiyo tunapendekeza neno "duru". Ni neno ambalo watumishi wa serikali wanalijua kutokana na duru za uchaguzi, na linachukua vyema maana ya jambo linalozunguka na kurejea mahali pake likiwa na mambo mapya ndani yake. "Ubeti" halifai, kwa sababu ubeti ni wa maneno tu, ilhali dhana hii ni ya maneno na vyombo pamoja. Neno "kiitikio" libaki pale linapostahili, nasi tutaliona hivi punde katika nyimbo za wapagazi.

Neno "jazi" lenyewe nalo lataka hadhari. Hapa kwetu lilikwisha kushika njia yake. Dar es Salaam Jazz, Morogoro Jazz, Tabora Jazz na Western Jazz zilikuwa bendi za muziki wa dansi, zenye magitaa na waimbaji, na mtu aliyekulia katika sauti hizo akisoma kwamba mshairi fulani "alighani kwa jazi" atasikia gitaa la Mbaraka Mwinshehe, wala hatakuwa amekosea kwa kadiri ya Kiswahili chake. Kwa hiyo mfasiri aandike "jazi ya Kimarekani" mara ya kwanza neno linapotokea, na baada ya hapo "jazi" itoshe.

Sasa tuje kwenye neno lililotuleta. "Kubahatisha" tunalikataa moja kwa moja, kwa kuwa anayebahatisha hajui atakachopata, hali mpigaji anajua vizuri yuko fungu la ngapi kati ya yale 12. "Kulipua" ni tusi kwa fundi. "Kubuni bila matayarisho" ndilo lenye madhara makubwa kuliko yote, kwa sababu linaonekana kuwa ni maelezo ya uangalifu. Ukweli ni kinyume chake. Rexroth, aliyekuwa miongoni mwa viongozi wa fani hii huko San Francisco, alishikilia kwamba mshairi na wapigaji hawana budi kufanya mazoezi mengi pamoja, la sivyo kila mmoja atakwenda njia yake na wasikilizaji watabaki na makelele. Kinachokosekana katika muziki huu ni maandishi ya kila sauti itakayopigwa. Matayarisho yapo, tena ya miaka.

Jambo hili si geni kwa mjuzi wa ushairi wa Kiswahili. Malenga anayejibu hoja barazani kwa shairi analolitunga pale pale hafungwi na karatasi, lakini amefungwa na vina, na mizani nane kwa nane, na mishororo minne ya ubeti. Hakuna anayesema kwamba malenga huyo hakujitayarisha. Maisha yake yote yalikuwa matayarisho ya jibu lile.

Wapo wanaopendekeza "papo hapo". Neno hili lina sifa ya ufupi, lakini limekwisha kupangishwa na mambo mengine: faini ya papo hapo, kifo cha papo hapo katika ajali. Limefungwa na tukio la mara moja lisilo na kabla wala baada. Sisi twaona "papo kwa papo" ni bora. Watu wamekwisha kulizoea kwa maana ya jambo linalofanyika wakati ule ule bila kungoja, na wakati huo huo methali isemayo papo kwa papo kamba hukata jiwe imelihifadhia maana ya kurudia rudia mahali pale pale mpaka jambo likubali. Maana hizo mbili, upesi wa sasa na marudio ya zamani, ndizo zinazokutana mkononi mwa mpigaji. Kwa nadra sana mwundaji wa istilahi hupewa na lugha zawadi ya namna hii, tusiitupe. Hivyo tunapendekeza "utunzi wa papo kwa papo" kwa dhana ya jumla, "kutunga papo kwa papo" kwa tendo, na "upigaji wa papo kwa papo" panapohusika vyombo peke yake. Kile kifungu cha mkataba kingesomeka: wapigaji watatoa muziki wa papo kwa papo juu ya nyimbo watakazofanyia mazoezi pamoja na mshairi. Hapo hapana mhasibu atakayefuta chochote.

Swali limepata kuulizwa kama hatuna tayari neno letu, yaani "taksimu" ya taarabu. Wapigaji wa Unguja, ambako chama cha Ikhwani Safaa kimekuwapo tangu mwaka 1905, wanalijua neno hili: mpigaji wa udi, kanuni, fidla au nai hutoka peke yake na kuitembeza makamu kadiri ajuavyo, aghalabu bila mapigo ya ngoma kumfuata. Neno ni la Kiarabu, lenye maana ya kugawa, na kwa mzizi ni ndugu wa "kasimu", ambalo maofisini hutumika kila siku katika kukasimu madaraka. (Si vibaya kwa mkuu wa idara kujua kwamba anapomwachia msaidizi wake mamlaka, ana undugu wa mbali na mpiga udi.) Hata hivyo hatushauri taksimu ivutwe hadi ifunike jazi. Katika taksimu mpigaji yuko huru kwa wakati na amefungwa na makamu. Katika duru ya jazi amefungwa pia na hesabu ya mapigo, na wenzake wanaendelea kupiga chini yake. Taksimu ni aina moja ya upigaji wa papo kwa papo. Ibaki na jina lake na heshima yake.

Ama kuhusu kazi ya mshairi mwenyewe jukwaani, Kiingereza kimeridhika na neno la kusoma, na wafasiri wetu wamelifuata. Kwetu liko neno lililo bora zaidi, nalo ni "kughani". M. M. Mulokozi, katika makala yake ya mwaka 1989 juu ya tanzu za fasihi simulizi iliyotoka katika jarida la Mulika, aliyaweka maghani kuwa utanzu kamili, na ughani kuwa sauti iliyo kati ya kuimba na kuzungumza. Hapo ndipo hasa aliposimama Kerouac alipotoa sauti yake juu ya piano ya Steve Allen katika sahani waliyoitoa mwaka 1959. Hakuimba, wala hakusoma kama asomavyo mtangazaji wa habari. Na maghani yenye chombo tunayo ya miaka mingi: mghani wa Kihaya huishika nanga mwenyewe, akaitembeza hadithi ya mashujaa kwa maneno ambayo hayafanani kabisa na ya usiku uliopita, wala hapana mtu anayemdai andiko. Kwa hiyo "kusoma" litumike pale tu mshairi anaposoma kweli, karatasi mkononi, bila kuigeuza sauti yake kufuata muziki.

Tofauti nyingine ni ya namna maneno na muziki vinavyopangwa, nayo huathiri hata fomu za haki za utunzi. Katika sahani ile ya Kerouac na Allen, maneno yalikuwa yamekwisha andikwa na piano ndiyo iliyotungwa papo kwa papo. Katika sahani nyingine ya mwaka huo huo, Blues and Haikus, Kerouac alighani mashairi mafupi sana, na baada ya kila moja saksafoni ya Al Cohn au ya Zoot Sims ikalijibu kwa kipande kifupi. Mtindo huu tusiutafutie neno jipya. Ni "kujibizana", kama washairi wetu walivyojibizana magazetini, isipokuwa hapa mjibu mmoja hana maneno. Mashairi mafupi yenyewe aliyachukua kutoka Japani, ambako Matsuo Bashō alisafiri kwa miguu upande wa kaskazini mwaka 1689 na kuitunga habari ya safari yake kwa nathari iliyochanganywa na mashairi. Njiani Bashō aliketi na wenyeji wake wakatunga mashairi ya kupokezana, kila mtu beti yake papo hapo, kwa kanuni kali zilizosema hata beti ya ngapi itaje mwezi na ya ngapi itaje maua. Muziki haukuwapo, lakini anayetaka kuona jinsi upesi na kanuni vinavyokaa nyumba moja na autazame mtindo huo.

Sasa neno "safari". Katika hati nyingi tumeona "wimbo wa safari" na "shairi la safari" yakitumika kwa mambo matatu yasiyofanana. Kiswahili kina njia rahisi ya kuyatenganisha, nayo ni viambishi vyake chenyewe. Utungo unaohusu safari, popote ulipotungwa, ni "shairi la safari". Utungo uliotungwa mtu akiwa safarini, kama lile la Hughes juu ya bahasha, twaweza kuuita "shairi la njiani", hata kama linazungumzia mambo yasiyo ya safari. Na wimbo unaoimbwa ili safari iende ni "wimbo wa kusafiria". Wa namna hii ya tatu tunao mfano mkubwa katika nchi yetu wenyewe: misafara ya karne ya 19 kati ya Bagamoyo, Tabora na Ujiji. Mpagazi alibeba mzigo wa kiasi cha frasila mbili, na mbele yake alikwenda kirangozi, aliyeshika njia na kuanzisha wimbo. Kirangozi alitunga maneno juu ya yaliyoonekana siku ile, mto uliofurika, chakula kilichopungua, mwenye msafara aliye bahili, nao wapagazi wakaitikia. Hapo kiitikio ni kiitikio kweli, na utunzi wa papo kwa papo ulikuwa ni chombo cha kazi, maana ndio uliowapatia wapagazi mwendo, tena ulimfikishia tajiri malalamiko ambayo hakuna angeyasema kwa nathari.

Hapa hatuna budi kutaja jambo moja nje kidogo ya mada. Langston Hughes alifika Kampala mwezi Juni 1962, katika mkutano wa waandishi uliofanyika Makerere. Mkutano huo ulikuwa wa waandishi wa Kiafrika watumiao Kiingereza, na Ngũgĩ wa Thiong'o ameandika baadaye kwamba Shaaban Robert hakuweza kuhesabiwa miongoni mwao, kwa kuwa kazi zake zilikuwa za Kiswahili. Shaaban alifariki mwezi huo huo. Lau Hughes angekutana na wanaojua kughani utenzi, huenda istilahi hizi tungeanza kuzijadili mapema zaidi.

Limebaki suala la maandishi ya fani hii, kwa maana si kila kitu huachwa hewani. Mwaka 1961 Hughes alichapisha Ask Your Mama, shairi refu lenye sehemu 12 alizozitaja kuwa ni za jazi. Upande wa kushoto wa ukurasa yamo maneno ya shairi kwa herufi kubwa, na upande wa kulia, kwa herufi za mlazo, yamo maagizo kwa wapigaji: ngoma zianze hapa, bluzi ipande pale. Hayakuandikwa kwa alama za muziki. Humwambia mpigaji aina ya sauti inayotakiwa na kumwachia namna ya kuitoa. Hayo tunapendekeza yaitwe "maagizo ya pambizoni", wala si "maelezo", kwa sababu maelezo ni ya msomaji na maagizo ni ya mtendaji. Wachapaji nao wazingatie kwamba pambizo hiyo ni sehemu ya utungo. Ikipunguzwa ili kuokoa karatasi, nusu ya kazi imepotea.

Kati ya maagizo hayo lipo moja linalojirudia, neno lenye asili ya Kilatini "tacit". Katika rasimu moja tuliyoletewa lilikuwa limefasiriwa "kimya". Mghani aliyeifuata rasimu hiyo katika mazoezi alifika hapo akanyamaza, na wapigaji, walioona kuwa mshairi amewaachia nafasi, wakaongeza sauti. Mahali pake paandikwe "vyombo vinyamaze". Agizo hilo ni la wapigaji peke yao, mghani anaendelea.